Safu ya Tisa, Mti wa Kumi na Nne

Baba kaniletea jani ndani ya bahasha ya bili ya umeme.
*Safu ya tisa, mti wa kumi na nne*, kaandika kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuhesabu masanduku.
Upande mmoja wa jani kijani, upande wa pili manjano,
mabaka hayalingani, kama ramani ya nchi iliyogawanywa na walevi.

Hapa Taquaritinga hakuna asiyelijua jani hilo.
Mkaguzi akiliona, shina linapakwa rangi nyekundu,
na msumeno unafuata.
Jirani yetu Belarmino alikata miti elfu mbili mwaka jana,
akapanda miwa.
Tangu hapo hapiti njia ya shambani;
anazungukia kanisani.

Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya ufuta.
Hunywa kainua makalio, kama mtu anayechungulia uvungu wa kitanda,
na katika mate yake bakteria wanashuka
kwenye mirija inayopeleka sukari mizizini.
Hayo Baba anayajua. Humtukana mdudu kila alfajiri
akijaza pampu ya dawa.

Asichokijua nilikiona mimi, maabara, Araraquara,
nilipousaga uti wa jani katika baridi ya naitrojeni
nikasoma jeni zipi zimeamka, zipi zimelala.
Nilidhani nitakuta mti umelala.
Nilikuta nyumba nzima taa zinawaka,
jeni za ulinzi zinapigana vikumbo mlangoni,
na lau zingekuwa na kinywa:

*Funga mlango wa chini, funga na wa juu tena,*
*adui yu mirijani, tumemsikia jana,*
*mwaga sumu ukutani, moto uwake kwa kina,*
*sukari ibaki ndani, mizizi itajijua.*

Nilirudia hesabu mara nne.
Bakteria peke yao hawana ubavu huo,
ni wapangaji wasiolipa kodi, basi.
Mti wenyewe ndio unaoziba vijitundu vyake kwa gundi,
unamwaga kwenye kuta zake sumu iliyokusudiwa mgeni,
mpaka wanga unarundikana, majani yanavimba kwa shibe,
huku mizizi, chini kule, inakufa njaa.
Dawa ya moto ni moto, husemwa.
Sijasikia aliyeuliza nyumba ni ya nani.

Jumapili niliwaeleza, jikoni.
Baba alikuwa akimmenyea Mama chungwa,
maana vidole vya Mama vimepinda tangu mwaka ule
daktari aliposema damu yake inapigana na viungo vyake.
Ganda lilishuka mkanda mmoja mrefu, halikukatika.
"Kumbe mti una ugonjwa wa Dalva," alisema.
Mama akacheka: "Basi na mimi nikateni, mpande miwa."
Kisu kilisimama.

Nikatafuta la kusema. Nikawaambia upo mti mwingine,
jamaa wa mchungwa, majani matatumatatu, miiba mirefu,
tunda lake chungu hata kasuku hawaligusi.
Nao humsikia mgeni yuleyule, nao hushtuka,
ila tunadhani, bado tunadhani tu,
hushtuka kwa kiasi; hufunga mlango
na kukumbuka ulipo ufunguo.
Tunauchanganya na michungwa mitamu.
Watoto wao wamo vikopo­ni, urefu wa kijiko.

"Miaka mingapi?"
Kumi. Labda kumi na mitano.
Baba ana sabini na mmoja.

Jioni nilimwona kasimama safu ya tisa
na kopo la rangi nyekundu, hajalifungua.
Mkono wake ulikuwa kwenye shina,
vile anavyoushika mgongo wa Mama akiinuka kitini,
hamsukumi, anamngoja.
Kisha akachuma tunda moja, limepinda, kijani chini,
akaling'ata na ganda lake,
akatema,
akaling'ata tena.